Namba Kwenye Shingo ya Ekseli

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni. Barua ilinitaka nifike karakana ya vipuri mjini Moshi saa moja na nusu asubuhi, haikusema nivae nini, na mama yangu aliona kwamba binti anayeanza kazi mjini lazima apendeze. Basi nilishuka kutoka Kilema na gauni la bluu la kanisani, viatu vimepakwa rangi, nikasimama mbele ya Msimamizi wa Karakana. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaniuliza kama nimekuja kufunga ndoa. Kisha akaniletea ovaroli ya fundi mmoja aliyekuwa likizo, nikakunja miguu yake mara tatu, na hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu.

Jina lake sitalitaja. Sote tulimwita Msimamizi, hata mke wake alipokuja getini aliuliza kama Msimamizi yupo. Alikuwa mtu wa Machame, Mlutheri wa kwaya, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza polepole akiwa anafuta mikono kwa kitambaa. Asubuhi ile hakunipeleka kwenye mashine yoyote. Alinipeleka kwenye meza iliyokuwa na shafti, yaani mti wa chuma unaozungusha au kubeba kitu, akaniambia nifumbe macho na nipitishe ukucha juu yake, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

Nikajibu kwamba ni laini yote.

"Rudia pale inaponenepa."

Nikarudia. Pale shafti nyembamba ilipokutana na sehemu nene, mahali tunapopaita begani, ukucha wangu ulikwama kidogo sana kwenye mstari ulioachwa na kisu cha mashine.

"Ni hapo itakapovunjika," akasema. "Labda si leo wala mwaka huu, lakini ni hapo."

Sikumwamini. Chuma kile kilikuwa kinene kuliko mkono wangu, na mstari wenyewe hauonekani kwa macho. Ilinichukua miaka miwili kuelewa alichosema, na ningependa ninyi mnaosoma haya, hasa mliopo vyuoni, mkielewe kwa muda mfupi zaidi.

Chuma kina njia mbili za kuvunjika. Ya kwanza kila mtu anaijua: umepakia kupita kiasi, kimepinda, kimekatika, umejionea mwenyewe. Ya pili ni uchovu. Mzigo si mkubwa, ni ule ule wa kila siku, lakini unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, kila tairi linapoingia shimoni na kutoka. Mahali fulani juu ya ngozi ya chuma, palipo na mkwaruzo au kona kali, unaanza ufa mdogo kuliko unywele. Ufa huo unakua kidogo kidogo, na gari linaendelea na safari zake, dereva hana habari. Siku moja chuma kilichobaki hakitoshi tena. Ndiyo maana Msimamizi alisema kila mara kwamba fundi wa vipuri kazi yake ni ngozi. Ndani ya chuma waachie waliokiyeyusha.

Mwaka wa kwanza nilikaa chumba cha tanuri. Pini na gia ndogo za chuma laini tulizipanga ndani ya sanduku la bati nene, tukajaza mkaa uliopondwa na kuchanganywa na magadi, tukaziba mfuniko kwa udongo, tukachoma kutwa nzima hadi sanduku likawa jekundu. Chuma kikiwa na moto kiasi hicho kinanyonya kaboni kutoka kwenye mkaa, lakini kwa ngozi tu. Kisha tulizitoa na kuzizamisha kwenye oili. Ngozi inakuwa ngumu, ndani panabaki laini na pavumilivu. Nilidhani ugumu ndio siri yote. Msimamizi akanieleza jambo la pili, ambalo kwa uchovu ndilo kubwa zaidi: ngozi ile ikishaingia kaboni na kupoozwa inataka kutanuka, na chuma cha ndani kinaizuia, kwa hiyo inabaki imebanwa. Ufa hufunguka panapovutwa. Palipobanwa unashindwa kufunguka.

Baadaye nilihamishiwa kwenye mashine za kukereza, lethi kama tulivyoziita, nikapewa namba nne. Kisha nikapelekwa Kahe miezi minane kushughulikia pampu za wakulima wa umwagiliaji. Huko nilikuwa peke yangu, hakuna wa kumuuliza, na nilirudi Moshi nikiwa fundi ninayejiamini. Nasema hivi bila aibu. Kulikuwa na wanaume katika karakana ile waliokuwa wakileta shafti zao kwangu nizipitishie ukucha kabla Msimamizi hajaziona.

Wakati huo tukapata Meneja mpya. Alikuwa mtu wa ofisi, nadhifu, na alikuta tatizo la kweli: wateja walikuwa wanarudisha vipuri vilivyovunjika wakidai ni vyetu, kumbe vimetengenezwa uchochoroni. Akaagiza kila kipuri kigongwe namba. Tarakimu ya kwanza ni mashine iliyokichonga, zinazofuata ni za kipuri chenyewe. Msimamizi alichukua kazi hiyo mikononi mwake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuigonga namba ikanyooka.

Kazi yetu kubwa enzi hizo ilikuwa stabu za matela. Stabu ni kipande kifupi cha ekseli kinachochomoza pembeni, gurudumu linazungukia hapo juu ya beringi. Mwanzoni Msimamizi aligonga namba kwenye ncha ya nje. Lakini mafundi wa barabarani wakitoa gurudumu hupiga ncha ile kwa nyundo, na baada ya miezi michache namba haisomeki. Meneja akalalamika. Msimamizi akatafuta mahali ambapo nyundo haifiki, wala beringi haigusi, akaanza kugonga shingoni, karibu na bega. Niliona namba zile zikitoka zimepangika vizuri. Sikusema kitu. Hakuna aliyesema kitu, na mimi ndiye niliyekuwa na ukucha mkali kuliko wote.

Asubuhi moja ya Jumatatu Meneja aliniita. Tela la mteja wetu lilikuwa limeachia gurudumu kwenye mteremko wa Kilema, likalivuta lori hadi kwenye kihamba cha watu, yaani shamba la nyumbani, likalala ubavu juu ya migomba. Dereva, kijana aliyeitwa Ndosi, alikuwa amevunjika paja na yuko hospitali. Stabu ndiyo iliyokatika, na namba yake ilianza na nne.

Meneja hakunifokea. Alisema tu kwamba mwenye mashine namba nne ni mimi, kwamba mtu ameumia, na kwamba kufikia Ijumaa angependa kuwa ameshapata jibu la kumpa mteja. Nilielewa jibu lenyewe lilikuwa nani. Nikamwomba kitu kimoja, nikione kipande kilichovunjika kabla ya Ijumaa. Akakubali, nadhani kwa kuwa hakuona kingebadilisha nini.

Kililetwa siku iliyofuata kwenye gunia, kimejaa grisi na majani. Nilikiosha kwa mafuta ya taa, nikakibeba hadi nje penye jua. Njia nzima ya kutoka kwenye ngazi za ofisi nilikuwa najiuliza swali moja: je, ni mkono wangu? Niliikumbuka stabu ile. Ilikuwa wiki ya haraka, kabla ya msimu wa mahindi. Inawezekana niliacha mstari begani. Inawezekana kisu kilikuwa butu.

Uso wa chuma kilichokufa kwa uchovu unasomeka. Sehemu ndogo ya mwisho, iliyokatika kwa ghafla, ina chembechembe kama sukari guru. Sehemu nyingine yote ni laini, ina mistari iliyojipinda, mmoja nje ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha kwenye tope la mfongo yanapopungua. Mfongo ndio mfereji wetu wa mlimani, na kila aliyekulia huku amewahi kuona alama zile. Kila mstari ni mahali ufa uliposimama ukapumzika kabla ya kuendelea. Ukiifuata mistari kurudi nyuma inazidi kuwa midogo, hadi inakufikisha mahali pamoja, na hapo ndipo ufa ulipozaliwa.

Niliifuata. Haikunipeleka begani. Ilinipeleka shingoni, upande wa chini, kwenye mguu wa tarakimu saba.

Nilikaa pale juani muda mrefu. Ningepaswa kufurahi, maana mkono wangu ulikuwa safi. Lakini mkono ulioigonga saba ile ulikuwa wa mtu aliyenifundisha kila nilichokijua, na alikuwa amebakiza miaka miwili tu kustaafu.

Saa nne, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilikwenda kwenye meza yake. Nikamwamkia, nikaweka kipande kile mbele yake pamoja na lenzi ya kukuzia. Aliinama. Aliigeuza stabu polepole kuelekea dirishani, akaigeuza tena. Kidole chake kilifuata mistari kama changu kilivyofuata, kikasimama palepale. Akaweka lenzi chini, akachukua kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza.

Sitaficha kwamba niliogopa. Nilimheshimu, lakini namna alivyouliza swali lile sikuijua.

"Mimi tu, Mzee."

"Basi twende kwa Meneja kabla hujarudi kwenye mashine."

Mbele ya Meneja alieleza kwa maneno machache. Alisema alama za nyundo ya namba ni makovu yenye kona kali, kwamba aliyaweka mahali panapovutwa kuliko pengine popote, kwamba analijua jambo hilo tangu ujana wake na bado alilifanya. Hakumtaja mtu mwingine, wala lile agizo lililotoka ofisini. Meneja akasema sawa, kuanzia leo namba zigongwe kwenye ncha, na mambo mengine wayaache yalivyo. Msimamizi akamkumbusha kwamba daftari la kazi lina stabu nyingine kumi na moja zenye namba shingoni, na zote ziko barabarani. Meneja akasema tukianza kuzunguka tukiwaambia watu vipuri vyetu ni vibovu, karakana itafungwa kabla ya mwaka kwisha.

Hapo ndipo nilipomsikia Msimamizi akimjibu mkubwa wake kwa mara ya kwanza.

"Meneja, siku za soko watu wanapanda juu ya matela yale pamoja na mizigo. Ukininyima gari nitakwenda kwa miguu. Na nikifika nitawaambia wenyewe kwamba ni mkono wangu, si wa karakana."

Tulipewa pikapu, mimi na yeye na dereva, na siku kumi.

Tulibeba jeki, stabu mpya za kubadilishia, brashi, na makopo mawili: la rangi nyekundu nyepesi kama maji, na la unga mweupe. Kazi yake ni hii. Unasafisha chuma hadi king'ae, unapaka rangi, unasubiri iingie kwenye ufa kama upo, unaifuta yote, kisha unapulizia unga. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kama kina ufa, rangi iliyojificha ndani inapanda na kuchora mstari mwekundu.

Tulianzia Kahe, kwa wenye matrekta. Stabu tatu, zote safi. Msimamizi hakufurahi, alichuchumaa akazitazama upya, akaniuliza nimeona nini. Namba zote tatu zilikuwa zimekaa juu. Gurudumu linapobeba mzigo, ardhi inalisukuma juu, stabu inapinda, na upande wa chini ndio unaovutwa. Waliofunga stabu namba ikiwa juu walikuwa salama bila kujua. Waliofunga namba ikiwa chini, kama wenye lori la Ndosi, walikuwa na saa inayohesabu. Tangu hapo, tulipofika mahali, kitu cha kwanza tulikuwa tunalala chini ya tela na kutazama namba iko wapi.

Bomang'ombe tulikuta mbili, moja ikiwa na ufa mfupi kama punje ya mchele. Mwenye nayo alitushukuru, akatukaribisha mtori, ile supu ya ndizi, nyumbani kwake. Wengine hawakutukaribisha chochote. Mmoja wa Himo alimwambia Msimamizi mbele ya watu kwamba mzee kama yeye hana haya. Msimamizi akamjibu kwamba ni kweli, akaomba ruhusa ya kuendelea na kazi. Kila mahali alijitambulisha kwa jina lake kamili na kusema namba ile ameigonga yeye. Mara ya kwanza niliona uchungu kumsikiliza. Kufikia ya sita au ya saba nilikuwa namsikiliza kwa fahari.

Stabu ya mwisho ilikuwa ya mfanyabiashara wa vitunguu tuliyemkuta Holili, mpakani, tela lake limejaa gunia juu ya gunia, liko kwenye foleni ya kuvuka. Aliitwa Mama Silayo, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya chini. Nililala chini ya tela. Namba ilikuwa chini.

Alitusikiliza hadi mwisho, akasema hapana. Karatasi zake zilishapigwa mhuri, mnunuzi anasubiri upande wa pili, vitunguu havingoji. Akivuka na kurudi, kesho kutwa, tutazame tunachotaka. Msimamizi akamwomba nusu saa tu, maadam foleni haiendi. Akakubali kwa shingo upande. Tulipiga jeki, tukatoa gurudumu, nikasafisha, nikapaka, nikafuta, nikapulizia unga. Hatukungoja sana. Mstari mwekundu ulijichora pale pale, mrefu kama kidole changu cha kati, umeizunguka shingo.

Mama Silayo aliinama akautazama.

"Hiyo ni rangi yenu mmepaka," akasema.

Watu walikuwa wamekusanyika, na baadhi wakacheka. Msimamizi alifungua mdomo, lakini safari hii nilimtangulia. Nilichukua kitambaa chenye mafuta nikafuta kila kitu mbele ya macho yake, hadi chuma kikabaki kitupu kinang'aa, hakuna mstari, hakuna alama. Nikamkabidhi brashi.

"Paka wewe mwenyewe, mama."

Alinitazama, kisha akakunja kanga yake akachuchumaa. Alipaka kwa mkono wake. Tukasubiri. Alifuta kwa mkono wake, vizuri kama anayesafisha sufuria, akahakikisha hakuna wekundu uliobaki. Nikamwonyesha namna ya kupulizia unga. Unga ukakaa, mweupe wote. Kisha ule mstari ukarudi, ukaanzia kwenye mguu wa tarakimu, ukatembea polepole pande zote mbili, mbele yake.

Mama Silayo alisimama, akawageukia vijana wake, akawaambia washushe vitunguu.

Tulirudi Moshi na stabu zote kumi na moja nyuma ya pikapu, kila mwenye nayo tumemfungia mpya. Nne zilikuwa na nyufa, tukazikata vipande viwili ili asije mtu akaziokota na kuzitumia. Saba zilikuwa nzima, na hizo tuliziponya. Tulisugua namba kwa tupa na msasa, tukifuata urefu wa chuma na kamwe si kwa kukizunguka, hadi makovu yakatoweka. Kisha tukazifunga kwenye lethi na kufanya jambo ambalo Msimamizi alikuwa amejifunza zamani kwa mafundi wa reli: unabana kigurudumu kidogo cha chuma kigumu kwenye shingo na bega, unazungusha polepole, na kigurudumu kinaikanda ngozi. Hakikati chochote. Kinaibana tu ngozi ndani yake, kama ile ya tanuri lakini bila moto.

Meneja alimwondoa kwenye usimamizi. Sitasema alimwonea, mtu alikuwa amelala hospitali. Alimpeleka stoo ya vifaa, na nafasi yake nikapewa mimi, kwa muda, wakasema. Asubuhi ya kwanza nilikwenda stoo nikamwamkia shikamoo kama siku zote, nikamwomba kila alasiri aje anifundishe kuikanda ngozi ya chuma kwa vipimo, si kwa kukisia. Alikuja siku ile ile, na hakukosa hata siku moja. Jumapili, baada ya kwaya, alikuwa anakwenda hospitali kukaa na Ndosi. Hilo nililijua kutoka kwa Ndosi mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, alipoanza kutembea na gongo.

Miaka ile miwili ndiyo niliyofanya kazi nzuri kuliko yote. Tulitengeneza mashine ya kujaribia: mota inazungusha fimbo ya chuma, na kwenye ncha ya fimbo kuna beringi iliyoning'inizwa ndoo ya mawe, kwa hiyo kila mzunguko ngozi inavutwa na kubanwa. Tuliweka fimbo iliyochongwa tu, yenye mistari ya kisu. Ilikatika siku ya pili kabla ya chakula cha mchana. Tukaweka iliyong'arishwa kwa msasa, ikafika karibu mwisho wa wiki. Tukaweka iliyokandwa kwa kigurudumu, na hiyo hatukuiona ikivunjika. Umeme wa mji mzima ulikatika, na tulipoitoa tukaipaka rangi nyekundu, unga ulibaki mweupe.

Kisha tukataka kufanya hivyo kwa majani ya springi, yale mabamba yaliyopinda chini ya lori, ambayo hayazunguki kwenye lethi. Njia yake ni kuyapiga kwa chembe za chuma zinazorushwa kwa upepo wa kompresa, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiacha kishimo kidogo kilichobanwa. Mimi nilitumia mchanga wa mtoni kwanza, kwa sababu ulikuwepo. Msimamizi alipitisha ukucha akatikisa kichwa. Mchanga una kona, unakwaruza na kula. Tulikata waya mgumu vipande vidogo, tukavizungusha ndani ya pipa siku nzima hadi vikawa mviringo, ndipo tukapata tulichotaka. Kupima nguvu ya mapigo tulifunga ukanda mwembamba wa chuma juu ya bamba, tukaupiga upande mmoja, tukaufungua. Ukanda ulipinda wenyewe, mgongo wake uko upande uliopigwa. Kadiri ulivyopinda ndivyo ngozi ilivyobanwa, na ukiendelea kupiga ukaona haupindi zaidi, basi inatosha. Ukipitiliza unaanza kuiumiza ngozi uliyotaka kuilinda. Siku ukanda wa kwanza ulipopinda, Msimamizi alicheka kama mtu aliyeambiwa habari njema ya nyumbani. Sikuwahi kumwona akicheka vile.

Alistaafu kutoka stoo. Wenzangu walitaka Meneja amrudishie cheo japo kwa wiki ya mwisho, lakini Msimamizi mwenyewe akakataa kabla hajaulizwa. Aliishi miaka mingi Machame, akifuga ng'ombe wa maziwa, na nilikuwa nakwenda kumtembelea. Hatukuizungumzia saba ile. Mara moja tu, akiwa amezeeka sana, aliniambia kwamba kulijua jambo hakukumsaidia siku ile kwa sababu alikuwa anaitazama namba, jinsi ilivyonyooka, hakukitazama chuma.

Ile nafasi yangu ya muda iliendelea hadi karakana ilipofungua tawi Bomang'ombe, nikapelekwa huko kuwa mkuu. Nimewahi kufanya kazi chini ya mameneja watano. Mmoja alikuwa mhandisi aliyesoma nje, aliyenieleza kwamba siku hizi ngozi ya chuma inatiwa nitrojeni kwa gesi ya amonia, kwa moto mdogo, kipuri kisipinde. Nilimsikiliza kwa makini na nikamwomba aniandikie. Alishangaa kwamba mtu wa karakana yetu alikuwa ameshajibu kwa ndoo ya mawe maswali ambayo yeye aliyajibu maabara. Mimi sikushangaa.

Vijana huniuliza kama kazi hii bado ipo, sasa vipuri vinapokuja kwenye maboksi. Ipo. Boksi halisemi kipuri kilipita mikononi mwa nani. Fungua, safisha mkono, fumba macho, pitisha ukucha begani na shingoni. Ukisikia mstari, usikifunge hadi umeuondoa. Na kama mkubwa wako ndiye aliyeuweka, mpelekee akiwa peke yake, ukiwa na kipande mkononi. Wengi hawatakuwa kama Msimamizi wangu, najua. Mpelekee hivyo hivyo.

Nimestaafu sasa, niko kihambani kwetu Kilema, juu kidogo ya barabara ya lami. Mwaka wa kwanza, nikipogoa kahawa, kila lori lililoshuka likigonga shimo nilisimamisha mkasi nikasikiliza. Nilikuwa nasubiri sauti ya chuma kinachokatika baada ya ule mshindo. Mume wangu alikuwa ananiuliza nimesikia nini, nami nikamwambia hakuna kitu. Sijui ni lini niliacha. Juzi mjukuu wangu aliniambia kwamba matela matatu ya ndizi yamepita yakifuatana, na mimi nilikuwa palepale, karibu na barabara, nakata matawi, na sikuyasikia hata moja.